Filamu Tano za Ndugu Wawili wa Seraing: Ipi Itangulie Katika Malezi Yetu?



Kanisa halikuiacha sinema ipite bila kuitafakari. Papa Pius XI aliiandikia waraka mzima, «Vigilanti Cura», mwaka 1936, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukairudia katika hati «Inter Mirifica» mwaka 1963. Hapa kwetu Kongo wazee wangali wanawakumbuka Matamata na Pilipili, wale wachekeshaji wawili ambao wamisionari waliwapiga picha ili kuwachekesha na kuwafunza wakristo. Leo filamu hazingoji tena ukumbi wa parokia, kwani kijana anazo ndani ya simu yake, usiku na mchana. Sisi walezi mara nyingi tumebaki na maneno mawili tu ya kumwambia: filamu hii ni nzuri, filamu ile ni mbaya. Maneno hayo hayamfundishi mtu kupima. Anayetaka kufundisha kupima sharti aonyeshe mizani yake, aweke hili mbele na lile nyuma, kisha atoe sababu zinazoweza kubishaniwa.

Ndivyo ninavyokusudia kufanya hapa na kazi za ndugu wawili Wabelgiji, Jean-Pierre na Luc Dardenne. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1951, wa pili mwaka 1954. Wamekulia kando ya mto Meuse, karibu na Liège, na filamu zao nyingi wamezipigia katika mji wa Seraing, mji wa viwanda vya chuma vilivyofifia na kuwaacha wafanyakazi wengi bila kazi. Walianza na filamu za habari za kweli juu ya wafanyakazi wa bonde hilo, ndipo wakageukia hadithi za kubuni. Luc alisomea falsafa, na mawazo ya Emmanuel Levinas yameacha alama kubwa katika kazi yao, hasa fundisho kwamba uso wa mtu mwingine, ukiutazama kweli, unakukataza kumwua. Anayelikumbuka fundisho hilo atafahamu kwa nini kamera yao haimwachi mtu, inamfuata mgongoni na shingoni, karibu kama pumzi yake.

Hawajiiti watengenezaji wa filamu za Kanisa. Katika hadithi zao ni nadra kumwona padri, na jina la Yesu si la kila siku. Hata hivyo Jopo la Kiekumene la Cannes, ambamo SIGNIS, chama cha Wakatoliki wa mawasiliano, hushirikiana na Waprotestanti wa Interfilm, liliwapa tuzo yake mwaka 2025 kwa filamu «Jeunes mères», juu ya wasichana wadogo waliozaa na kupokelewa katika nyumba ya akina mama. Basi si mimi peke yangu ninayesikia katika kazi yao jambo linalotuhusu.

Mizani yangu ni moja. Siulizi ni filamu ipi iliyopata tuzo kubwa, wala ipi iliyochezwa vizuri zaidi. Nauliza: baada ya taa kuwashwa, ni filamu ipi inayomwacha mkristo wa Kongo na swali asiloweza kulikwepa juu ya jirani yake? Kwa mizani hiyo naziweka tano, nikianza na ya mwisho.

Ya tano ni «Rosetta», ya mwaka 1999. Wengi watashangaa kuiona chini, maana ndiyo iliyowapatia ndugu hawa Palme d'or yao ya kwanza huko Cannes, na Émilie Dequenne akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Rosetta ni msichana anayeishi na mama mlevi katika kiwanja cha magari ya kuishi. Anatafuta kazi kama mtu anayezama atafutavyo hewa. Kijana Riquet, muuzaji wa gofri, anamwonyesha urafiki. Siku moja Riquet anatumbukia majini, na Rosetta anasita kumwokoa, kwa sababu akifa nafasi yake itakuwa wazi. Anamwokoa, lakini baadaye anamchongea kwa tajiri wake ili aichukue kazi ile. Filamu hii inatufundisha jambo ambalo mahubiri yetu hulisahau: umaskini hauwafanyi watu kuwa watakatifu. Unaweza kumfanya maskini amwone maskini mwenzake kuwa kizuizi tu. Vijana wetu wanaogombea nafasi moja ya kazi wakiwa mia wanaufahamu ukweli huo kuliko sisi. Naiweka ya tano kwa sababu inauonyesha ugonjwa kwa ukali wote, lakini dalili ya kupona inakuja mwishoni kabisa, pale Riquet anapomshika mkono na kumwinua. Mtazamaji asiyeongozwa anaweza kuondoka na ukali peke yake.

Ya nne ni «Tori et Lokita», ya mwaka 2022. Tori ni mtoto kutoka Benin, Lokita ni msichana kutoka Kameruni. Hawakuzaliwa tumbo moja, ila njia ya uhamiaji imewafanya dada na kaka, na huko Ubelgiji wanajidai kuwa ndugu wa damu ili Lokita naye apate karatasi za kukaa. Tori amepewa zake. Na kwa nini amepewa? Kwa sababu kwao alisingiziwa kuwa mtoto mchawi.

Hapo, ndugu zangu, filamu ya Wabelgiji inageuka na kututazama sisi. Ni watoto wangapi wa miji yetu wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo hilo, mara nyingi kwa ushuhuda wa mtu anayejiita mtumishi wa Mungu? Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto katika nchi yetu, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Sheria ipo, lakini jamaa ngapi zinaijua? Lokita, kwa upande wake, anatumikishwa na wauza dawa za kulevya huku akitafuta fedha za kumtumia mama yake kwa ajili ya masomo ya wadogo zake. Wazazi wanaongoja fedha kutoka Ulaya wangefaa kuona bei inayolipwa huko. Naiweka ya nne, si kwa udhaifu wa swali lake, bali kwa sababu ndani yake uovu umesimama upande mmoja na wema upande mwingine, hata mtazamaji anaweza kuwahukumu wauza dawa na kujisahau mwenyewe. Tena ina mambo mazito juu ya mwili wa msichana anayedhalilishwa, kwa hiyo haiwafai watoto.

Ya tatu ni «Deux jours, une nuit», ya mwaka 2014. Sandra, anayechezwa na Marion Cotillard, ametoka katika ugonjwa wa huzuni kubwa na anataka kurudi kazini. Tajiri amewapigisha kura wafanyakazi kumi na sita: wachague ama nyongeza ya euro 1.000 kwa kila mmoja, ama Sandra abaki. Wengi wamechagua fedha. Sandra anapata siku mbili za mwisho wa juma kuwapitia nyumba kwa nyumba kabla kura haijarudiwa. Nawasihi walezi wazitazame ziara zile kwa makini. Hakuna mlango unaofanana na mwingine. Mmoja anajificha, mmoja anakasirika, mmoja analia kwa aibu, mwingine ana mahitaji ya kweli kabisa na hawezi kuacha fedha zile. Ndugu hawa hawamdharau hata anayekataa.

Siku ya Jumatatu kura zinagawanyika nane kwa nane, na Sandra ameshindwa. Ndipo tajiri anamwita na kumwambia kwamba atamrudisha baadaye, pindi mfanyakazi mmoja mwenye mkataba wa muda atakapoachwa. Mfanyakazi huyo ni Alphonse, Mwafrika, ambaye alimpigia kura ingawa aliogopa kuipoteza kazi yake kwa ajili hiyo. Sandra anakataa. Anatoka bila kazi, na kwa mara ya kwanza uso wake una amani.

Sisi tuna mtu wetu wa kumweka kando ya Sandra. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyetangazwa mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025, alikataa mwaka 2007 kupokea fedha ili aache chakula kibovu kipite mpakani, akauawa. Wale ambao wangekula chakula hicho hakuwajua hata kwa majina. Sandra anamjua Alphonse, Floribert hakuwajua walaji, lakini hesabu yao ni moja: faida yangu isitoke katika mwili wa mwingine. Tofauti ni kwamba Sandra anapoteza kazi, Floribert alipoteza uhai. Filamu inaweza kutuandaa kumwelewa mwenyeheri, ila isichukue nafasi yake.

Ya pili ni «La Promesse», ya mwaka 1996, ndiyo iliyowatambulisha ndugu hawa kwa ulimwengu. Roger huwapangishia vyumba wageni wasio na karatasi na kuwatumikisha, na mwanawe Igor, kijana wa miaka kumi na tano, ni mkono wake wa kuume. Siku wakaguzi wa kazi wanapofika, Hamidou, mtu wa Burkina Faso, anaanguka kutoka juu ya kiunzi cha ujenzi. Kabla ya kufa anamwomba Igor amtunzie mkewe Assita na mtoto wao mchanga. Igor anaahidi. Anamfunga mguu kwa mkanda ili kuzuia damu. Baba yake anaufungua mkanda ule, maana mgonjwa akifika hospitali biashara yote itajulikana. Hamidou anakufa, na maiti yake inafichwa.

Tangu hapo filamu nzima ni mapigano ya amri mbili ndani ya kifua cha mtoto: kumtii baba, na kutimiza neno alilompa mtu anayekufa. Katika katekisimu tunafundisha amri ya nne, waheshimu baba na mama, na tunafanya vema. Je, tunawafundisha watoto la kufanya siku baba anapoagiza uovu? Tunaishi katika nchi ambamo mtoto anaweza kutumwa na mkubwa wake kusema uongo barabarani, kupokea rushwa au kubeba silaha. «La Promesse» haimfanyi Roger kuwa shetani. Anampenda mwanawe, na hilo ndilo linalouma. Igor anaokoka siku anapomwambia Assita ukweli, wakiwa wamefika katika kituo cha treni, wakati angeweza kumwacha aende zake asijue lolote. Assita anageuka, hasafiri tena, na wote wawili wanarudi kwa miguu bila neno. Mtazamaji naye anaelewa kwamba ahadi haijamalizika, sasa ndiyo inaanza.

Ya kwanza kwangu, bila shaka, ni «Le Fils», ya mwaka 2002.

Olivier ni mwalimu wa useremala katika kituo kinachowapokea vijana waliopotoka. Siku moja wanamletea mwanafunzi mpya, Francis, wa miaka kumi na sita, aliyetoka kifungoni. Mwalimu anakataa kumpokea, kisha anampokea. Polepole tunatambua sababu: miaka mitano kabla, Francis, akiwa mtoto anayeiba redio katika gari, alimwua mtoto mdogo aliyemkuta ndani yake. Mtoto yule alikuwa mwana wa Olivier. Francis hajui kwamba mwalimu wake ni nani.

Hakuna muziki unaotuambia tulie wakati gani. Tunaona mwalimu akifundisha: namna ya kushika futi, ya kubeba ubao mrefu bila kuwagonga wengine, ya kupima kwa jicho. Mke waliyeachana anamkabili na kumwuliza kwa nini anafanya jambo ambalo hakuna mwingine angelifanya. Olivier anajibu kwamba hajui. Na kijana, asiyejua lolote, anamwomba mwalimu huyo awe mlezi wake kisheria. Mwishoni, katika ghala la mbao, Olivier anamwambia ukweli. Francis anakimbia, mwalimu anamfukuza porini, anamwangusha, anaweka mikono yake kooni mwa kijana, mahali pale pale ambapo mwanawe alikabwa. Kisha anaiondoa mikono. Baada ya muda Francis anarudi mwenyewe, na wote wawili wanaanza kupakia mbao. Filamu imekwisha.

Naiweka juu kwa sababu tatu.

Kwanza, inasema ukweli juu ya msamaha. Katika nchi yetu neno hili limetumiwa sana, na pengine vibaya. Mara nyingi wanaoombwa kusamehe ni walioumizwa, tena upesi, kabla mkosaji hajataja kosa lake na kabla hakimu hajasikia kesi. «Le Fils» haiendi hivyo. Kijana amehukumiwa na kutumikia kifungo. Ukweli unasemwa uso kwa uso. Olivier hatamki hata mara moja kwamba amesamehe. Tunachokiona ni mtu aliyeweza kuua na hakuua, kisha akabaki. Mwenyeheri Anuarite alimsamehe mwuaji wake pale pale Isiro mwaka 1964, na hiyo ni neema kubwa ambayo Kanisa linaiheshimu. Lakini si haki kumdai kila mjane na kila yatima aifikie neema hiyo kwa tarehe tuliyompangia. Wengi watatembea kama Olivier, hatua kwa hatua, bila kujua wanakokwenda. Nao pia wako njiani.

Pili, haimpambi mkosaji. Olivier anapomwuliza Francis kama anajuta, jibu la kijana ni kwamba miaka mitano ya kufungwa ni jambo la kujutia kweli. Anaililia miaka yake, bado hajamlilia mtoto aliyemwua. Jibu hilo linachoma, nalo ndilo la kweli. Anayefanya kazi na vijana waliorudi kutoka vikundi vya silaha asitazamie machozi siku ya kwanza. Majuto ya kweli huhitaji mtu wa kuyaotesha, na udongo wake ni siku nyingi za kukaa pamoja.

Tatu, na hapa nasema kama mtu aliyefundwa ualimu, inaonyesha kwamba kufundisha kazi ni tendo la huruma. Olivier hamhubirii Francis. Anamsahihisha namna ya kushika ubao. Kwa kumfundisha kwa uangalifu ule ule anaowapa wengine, anamtangazia kwamba bado ana mahali kati ya watu. Parokia zetu zina makundi ya sala mengi, nayashukuru. Zina karakana ngapi? Kijana aliyeshika bunduki akigonga mlango wetu kesho, tutampa wimbo na kiti cha nyuma, au tutampa pia randa, mbao na mwalimu?

Najua mapingamizi yatakayotolewa. Wengine watasema: hizi ni filamu za Wazungu, juu ya taabu za Wazungu. Lakini Hamidou, Assita, Alphonse, Tori na Lokita si Wazungu. Ubelgiji ni nchi ambayo historia yetu imefungamana nayo kwa machungu mengi, na wasanii hawa wawili wamechagua kumwonyesha Mwafrika aliye mlangoni mwao kama mtu anayewadai haki, wala si kama mandhari. Wengine watasema kwamba hazimtaji Kristo. Nami nauliza: katika mfano wa Msamaria, aliyeanguka mikononi mwa wanyang'anyi alisikia katekisimu gani? Alifungwa majeraha. Wengine tena watalalamika kwamba ni za polepole, hazina mapigano wala nyimbo. Ni kweli. Vijana wataguna kwa robo saa ya kwanza. Wasaidiwe kuvumilia, maana kumtazama mtu mmoja kwa muda mrefu bila kugeuza macho ni zoezi la kiroho ambalo simu zao haziwafundishi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa viongozi wa jumuiya, wa Xaveri na wa Kizito-Anuarite ni hili. Msianze na tano zote. Anzeni na «La Promesse» kwa vijana wanaojiandaa kwa Kipaimara, na «Le Fils» kwa watu wazima, hasa katika Kwaresima. Mlezi aitazame kwanza peke yake. Kwa kuwa wanasema Kifaransa, asimame katikati mara moja au mbili na kueleza kwa Kiswahili, ili mama asiyesoma shule asiachwe nje. Baada ya filamu asitoe hotuba. Aulize maswali mawili tu: ni wakati gani mtu huyu angeweza kufanya vingine? Na kwetu, ni nani anayesimama mahali pa Francis, au pa Assita? Kisha anyamaze, angoje. Ukimya utakuwa mrefu, asiuogope.

Kama kuna msomaji ambaye angeiweka «Rosetta» juu, au «Le Gamin au vélo», ile ya mwaka 2011 juu ya mtoto aliyeachwa na baba yake na kupokelewa na msusi wa nywele, aje na sababu zake katika ukurasa huu. Nitafurahi kubishana naye. Lakini mwenye kaka, mtoto au jirani aliyerudi kutoka porini, ambaye hakuna mtu mtaani anayemsalimu, huyo namwomba aitazame «Le Fils» kwanza, kabla ya nyingine zote.